Jiwe Nililoondoa Nyuma ya Gurudumu

Mama Brigitte, mushauri wa kipindi chetu cha radio,

Pokea salamu kutoka Kabuta, hapa Nchelenge. Mimi ni mwanamuke wa miaka makumi tatu na ine, nilizaliwa ng'ambo ya ziwa, ku Pweto, na nimeolewa huku Zambia miaka kumi na moja sasa, bwana yangu anaitwa Mwenya, ni mutu wa hapa, na mambo nitakayokuambia sijaambia mutu hata mumoja, hata mama yangu muzazi, kwa hiyo nikirudilia maneno ao nikiyachanganya unisamehe, sababu hata mimi mwenyewe siyaelewi.

Tuko na motokari, Corolla ya zamani, bwana yangu aliinunua pamoja na shemeki yangu Kingsley, mwenye kuoa wifi yangu Dorica, dada ya Mwenya. Inabebaka samaki na batu mpaka Mununga, na yale maji ya samaki imekula chuma zake chini, freni ya mukono, ni kusema breki, ilikufa zamani na hakuna aliyeitengeneza, sababu gari ilikuwa inatembea tu. Mwezi wa tano mafuta ya moteri ikaanza kuvuja, asubuhi tunakuta chini kumekuwa kweusi, na bwana yangu akasema hatuwezi kupeleka kwa mekanisiye kila mara, tutafanya wenyewe hapa nyumbani.

Ilikuwa siku ya posho, Jumamosi, saa ine ya asubuhi. Lupango yetu, uwanja wa nyumba, ni ya muchanga na inashuka kidogo kuelekea ziwa, na gari ilikuwa imeangalia nyumba, ziwa nyuma yake. Kingsley akatia kriki, ile hapa banaita jeki, akainua gari mbele, akatafuta majiwe na kuyaweka kwenye magurudumu ya nyuma, kisha akasukuma pine ya akiba, tairi ya ziada, chini ya gari, karibu na mulango. Bwana yangu akamuambia ile pine inamusumbua, hana nafasi ya kupita. Kingsley akajibu, "Acha ikae, mulamu," vile hapa banaita shemeki. Ikakaa, na Mwenya akaingia chini.

Mimi nilikuwa na bamama batano ambao balikuja kunisaidia kuchagua chisense, wale samaki wadogo wa ziwa, na nilitaka kubapikia bukari, ni kusema ugali, mu sufuria kubwa, na moto yangu ilikuwa ya matofari tatu, sasa tofari moja ikapasuka na sufuria ikaanza kulala upande. Nikaangalia huku na huku. Nikaona jiwe nzuri, bapa, nyuma ya gurudumu ya kushoto. Mama Brigitte, nakuapia, nilifikiri: mbele ya gurudumu kuko lingine, na upande mwingine kuko mawili, hii moja haina kazi. Nikaitwaa, nikaiweka chini ya sufuria, ikasimama vizuri, hata nikafurahi.

Kingsley hakuwa pale, bwana yangu alimutuma kwa jirani yetu Eness kuomba ufunguo mwingine wa kufungia buloni, zile boliti, ile yetu ilikuwa inateleza. Sijui kama zilipita dakika kumi. Nikasikia kitu kama mutu ameangusha gunia, halafu kimya, halafu sauti ya bwana yangu, ndogo sana, hakulia, aliniita tu, "Bana Mwape." Mwape ni mutoto wetu wa kwanza, hapa njo vile bananiita. Nilipofika niliona miguu yake tu.

Nikaita bamama, tukakamata gari kwa mbele, sisi batano, na Mama Florence, mumoja wao, ambaye ni mukubwa wa bamama mu kanisa yetu, akamuvuta kwa miguu. Mpaka leo sijui ile nguvu ilitoka wapi. Mufupa ya bega ilivunjika na mukono ya kuume ilipondeka, lakini kifua haikuguswa, sababu gari ilikuwa imelala juu ya ile pine. Ku hospitali munganga alisema bila ile pine tungekuwa tunaongea maneno mengine.

Sasa sikia sehemu inayonila. Kingsley alikuja mbio, ufunguo ungali mu mukono, akaangalia Mwenya, kisha akaangalia magurudumu, akasema, "Nilitia majiwe ine." Batu bakahesabu, yalikuwa tatu. Akarudilia ile neno, na mama-mukwe yangu akamuambia kama hata kuhesabu hajui, aache kugusa gari za batu. Na mimi nilisimama pale, Mama, na sufuria yangu ilikuwa inachemka juu ya ile ya ine, hatua kumi na tano tu kutoka pale, na sikusema kitu. Saa kumi, wakati batu bote balienda hospitali, nilibeba ile jiwe nikaitupa mu ziwa.

Toka siku hiyo jamaa yote ilimugeukia Kingsley. Banasema alitia majiwe ovyo, banasema alimuacha mwenzake chini ya gari akaenda kuzungumuza kwa Eness. Yeye alikuwa anakuja kila siku kuona Mwenya, na akitoka anazunguka ile nafasi, anaangalia chini, kama mutu aliyeangusha funguo. Baada ya wiki mbili aliacha kuja. Mwezi wa sita bakahama, yeye na Dorica na batoto, balienda kuvua samaki ku kisiwa ya Kilwa, hapa mu ziwa yetu. Dorica na mimi tulikuwa kama batoto ba tumbo moja, alinifundisha Kibemba, alizalisha mutoto yangu wa pili mu mikono yake. Nilimusindikiza mpaka kwenye boti. Akaniambia, "Fidélie, wewe njo ulikuwa pale. Uliona majiwe ngapi?"

Nikamujibu, "Sikuangalia."

Akapanda boti, hakuniaga.

Halafu siku ya Mungu, Jumapili, Mama Florence akaniita mbele ya kanisa nitoe ushuhuda, mwanamuke aliyeinua gari kwa mikono yake ili kuponyesha bwana yake. Batu bakapiga makofi. Mama-mukwe yangu, ambaye miaka kumi na moja alikuwa ananiita tu "ule wa ng'ambo", siku hiyo alinikumbatia mbele ya bote. Nilirudi nyumbani mbele ya bote.

Na akili yangu haitulii, sababu kila mutu anasema yake. Eness anasema kriki ilisimama juu ya muchanga, ingeanguka tu, na majiwe ao bila majiwe. Mushoferi mumoja anasema kosa ni freni ya mukono. Mama-mukwe anasema ni Kingsley. Nikisikia Eness nasema, kumbe si mimi, na napumua, halafu nakumbuka "nilitia majiwe ine" na naanza kuhesabu upya. Nilimuangusha ao nilimuponyesha? Ao yote mbili? Na kama ni muchanga, mbona nilitupa jiwe?

Nakuandikia sasa, na si kesho, sababu bwana yangu bamemutoa plasta, mukono ungali zaifu, na anasema siku ya posho inayokuja ataiinua gari yeye mwenyewe, na ile kriki, pale pale, amalize kazi. Nilimuomba aache. Akanijibu, "Gari haikuwa na shida. Shida ilikuwa Kingsley." Nikinyamaza, ataingia chini tena. Nikisema, watasema mwanamuke wa Congo alitaka kuua mutoto wao, na labda bwana yangu naye atasema hivyo. Nifanye nini? Nianzie wapi?

Mimi, Fidélie

*

Fidélie,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilisikia huruma, mara ya pili nilikasirika, mara ya tatu nilichukua simu, kwa sababu mimi ninajua mambo ya nyumba za watu lakini gari sijawahi hata kuendesha. Nilimupigia Constantin, mekanisiye ambaye amelala chini ya magari miaka makumi mbili na sita na angali muzima. Aliniuliza mambo matatu. Kriki ilisimama juu ya nini? Freni ya mukono inafanya kazi? Na mbali na kriki, nini ilikuwa inashikilia gari? Nikamujibu: muchanga, hapana, hakuna kitu. Akasema, "Mama, huyo mutu alikuwa chini ya gari iliyokwisha kuanguka. Ilikuwa inangojea tu siku yake."

Alinieleza hivi. Kriki ni ya kuinua, si ya kushikilia. Hata kama ni mupya, hata kama ni kubwa, ikisha kuinua kazi yake imekwisha, na mutu haingizi hata kichwa mpaka gari ikae juu ya kitu kingine. Na mwanaume akivuta ufunguo kwa nguvu kule chini, gari yote inatikisika, na kila akitikisa, kriki inazama kidogo mu muchanga. Kwa hiyo jirani yako Eness hakudanganya. Lakini usikimbilie kupumua. Lupango yenu inashuka, freni ilikufa, na jiwe la nyuma ndilo lililoizuia gari isirudi. La mbele halikuwa na kazi. Wewe ulichukua lenye kazi, gari ikapata njia upande mumoja, ikajipinda, kriki ikalala. Unaniuliza kama ni muchanga ao ni wewe. Ni vyote, na usiniombe nikupimie kila kimoja kwa kilo.

Sasa nitakukaripia, na unisikilize vizuri. Jiwe ulilichukua bila kujua. Hakuna aliyekufundisha, na wanaume wenu hawakukuambia "usiguse", na hilo ni kosa lao. Kwa jiwe sikulaumu. Lakini pale kwenye boti ulikuwa unajua. Wifi yako, aliyepokea mutoto wako kwa mikono yake, alikuuliza neno moja, nawe ukamujibu "sikuangalia". Hilo ndilo linalokutesa, si jiwe. Ungekuwa umekuja kwangu unalia kwa ajili ya jiwe tu, ningekupa maji ya kunywa na kukurudisha nyumbani.

Fikiri Kingsley. Huyo mutu ndiye mwenye alitia pine chini wakati mume wako alikuwa anaikataa. Uhai wa Mwenya, kabla haujapita mu mikono yenu ninyi wamama, ulipita mu akili ya Kingsley. Na leo yuko Kilwa, hajui tena kama anaweza kuamini macho yake. Ulimuona akizunguka ile nafasi akiangalia chini. Alikuwa anatafuta kitu ambacho wewe ulijua kiko wapi.

Fikiri pia mume wako. Anasema shida ilikuwa Kingsley, na anaamini, kwa sababu wewe ulimuacha aamini. Mutu aliyeelewa vibaya ajali yake atairudilia ileile. Siku ya posho ataweka kriki pale pale, juu ya muchanga uleule, akiwa na mukono mumoja, na atajisikia salama kwa sababu Kingsley hayuko. Unaona sasa? Kunyamaza kwako hakulindi ndoa. Kunamuingiza bwana yako chini ya gari mara ya pili.

Basi, hivi ndivyo utakavyofanya. Leo, batoto wakiwa ku masomo, mukalishe Mwenya peke yake, mbali na mama yake, na umuambie yote toka tofari lililopasuka mpaka jiwe ulilolitupa. Usianze na muchanga wala na freni, ataona unajitetea. Hayo atayapata kwangu. Akikasirika, umuache akasirike. Akienda kwa mama yake siku mbili, usimufuate. Woga wako juu ya wakwe ni wa kweli, sitakudanganya kwamba watakupigia makofi tena, na lile neno la ng'ambo unaweza kulisikia upya. Utalivumilia, kama ulivyolivumilia miaka kumi na moja ukiwa hauna kosa. Kisha mwende Kilwa, ninyi wawili, si kwa simu wala kwa kutuma mutu. Useme mbele ya Dorica. Ukisha kusema, nyamaza, usiombe akusamehe siku hiyohiyo. Halafu Mama Florence naye ajue, kwa sababu ushuhuda ule uliutoa mbele ya kanisa na umebaki nusu.

Kuhusu gari, umusomee mume wako sehemu hii, polepole. Itoke kwenye muchanga. Itafutiwe nafasi ngumu isiyoshuka, pembeni ya bomba kama kuko simenti, ao uwanja wa kanisa mukiomba. Freni ya mukono itengenezwe kwanza, na mpaka hapo gari iwekwe mu vitesi ya kwanza, ni kusema gia, na magurudumu yanayobaki chini yafungiwe mbele na nyuma, yote mawili, kwa miti iliyokatwa pembe, si majiwe ya mviringo. Kriki iguse chuma ngumu, pale penye kuandaliwa, si bati. Akisha kuinua, aweke miguu ya chuma, ile mekanisiye wanaita shandeli, moja kila upande, urefu sawasawa, kisha ashushe gari ikae juu yake. Constantin anasema matofari na bloku za simenti zisitumiwe hata kidogo, zinapasuka ghafula bila kutoa sauti ya kuonya. Uliona tofari lako lenyewe chini ya sufuria tu. Kabla ya kuingia, aisukume gari kwa mukono, kwa nguvu. Ikicheza, anaanza upya. Ile pine ya akiba iwekwe chini kila mara, na mutu asiseme tena inamusumbua.

Kama hamuna shandeli, mukaazime. Kama hakuna wa kuwaazima, gari ilale. Na asifanye peke yake. Mutu mumoja asimame inje, na huyo haendi popote. Kama ufunguo umekosekana, aliye chini atoke kwanza, ndipo mwingine aende kuutafuta. Hapo Kingsley naye alikosea, na utamuachia Mwenya amuambie, wanaume kwa wanaume. Na siku nyingine, Mungu apishe mbali, kama gari imemulalia mutu, muinue na mutie kitu chini kabla ya kumuvuta. Ninyi mulikuwa na bahati kwamba hakuna mama aliyeteleza.

Gari yenu imelala miezi mitatu na inaweza kulala mwezi mwingine. Kingsley amengojea vya kutosha. Sema leo.

Mama Brigitte

*

Jibu hili nilimutumia Fidélie kwa simu siku ya tatu baada ya kupokea barua yake, kwa sababu siku ya posho ilikuwa karibu. Leo tumesoma barua yake hewani na majina ya kweli, kwa ruhusa yake, ya Mwenya na ya Kingsley, waliotaka watu wa Kabuta wasikie. Mwenya alikaa siku ine bila kumusemesha bibi yake, na gari haikuguswa. Siku ya tano alimuuliza boti ya Kilwa inaondoka saa ngapi. Kule kisiwani Kingsley alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamuomba Fidélie arudilie tena, polepole, na akamuita mutoto wake mukubwa aje asikie. 

Yeye, Dorica na batoto wamerudi Kabuta wiki iliyopita. Gari wameifanyia uwanjani kwa kanisa, na shandeli za kuazima, Mwenya akisimama inje na Kingsley akiwa chini, sababu mukono wa Mwenya haujapona. Mama-mukwe hakuja kuangalia. Dorica bado hamusemeshi Fidélie. Lakini amefungua tena nyumba yake ya zamani, na mulango wake na wa Fidélie inaangaliana.